Droni ikipoteza GPS: kikulacho ki nguoni mwake

LILONGWE. Ukitaka kusikia ugomvi usio na mwamuzi, kaa siku moja kwenye duka la vifaa vya kamera, liwe la Kariakoo, Nairobi, Bujumbura au hapa Biwi. Mteja aliyenunua droni wiki iliyopita anarudi na boksi mkononi.

"Bosi, mashine yako haishiki setilaiti."

"Kaka yangu, hapa ilitoka nzima. Huko unakorusha ndiko kuna matatizo."

Kutoka hapo kila mmoja anabaki na maneno yake. Muuzaji anaogopa kurudisha fedha za mzigo aliouvusha mpaka kwa jasho. Mteja naye huenda amepokea malipo ya awali ya harusi, au amenunua droni hiyo kwa fedha za kikundi ambazo kila Jumamosi wenzake wanazidai. Bei ya droni nzuri ya kamera inaweza kulingana na mtaji wa duka dogo. Anayeshindwa katika mabishano haya anapoteza fedha, na anayeshinda anapoteza mteja.

Mabishano hayo yanaweza kuamuliwa kwa muda usiozidi saa moja, bila fundi na bila mashine za maabara. Kinachohitajika ni simu moja ya Android, uwanja wa wazi, kalamu na karatasi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumtafuta anayeharibu mawimbi ya GPS, kuanzia kwa mshukiwa wa karibu hadi wa mbali. Wengi huanza na wa mbali: mnara wa simu, uwanja wa ndege, jeshi. Mara nyingi mhalifu amebandikwa juu ya droni yenyewe.

Nchi iliyozoea droni

Malawi si mgeni wa vyombo hivi, ambavyo Tanzania wengine huviita ndege nyuki. Machi 2016, droni ilijaribiwa hapa Lilongwe kubeba sampuli za damu za vipimo vya VVU kwa watoto, umbali wa kilomita 10 hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu. Juni 2017, serikali pamoja na UNICEF ilizindua ukanda maalumu wa majaribio ya droni wilayani Kasungu. Januari 2020 kikafunguliwa Lilongwe chuo cha kuwafundisha vijana wa Afrika kutengeneza na kurusha droni na kusoma takwimu zake.

Kwa mfanyabiashara, soko kubwa liko kwenye kamera: harusi, mazishi ya watu wakubwa, mikutano ya injili, viwanja vinavyouzwa, video za wanamuziki. Dzaleka, wilayani Dowa, palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo pana zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha za soko lake. Tamasha la Tumaini, linalofanyika huko tangu 2014, huleta wageni na kamera zao. Hivyo droni inayopita Kasumulu na Songwe ikitokea Dar es Salaam inaweza kuuzwa Biwi leo na kesho ikawa juu ya sherehe Dzaleka.

Sauti dhaifu kutoka mbali

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Nguvu ya mtambo wa kurushia mawimbi kwenye setilaiti moja haitofautiani sana na ya balbu ya sebuleni. Fikiria balbu hiyo iwashwe kilomita elfu ishirini kutoka hapa, halafu ujaribu kuiona. Ndiyo kazi ambayo antena ndogo juu ya mgongo wa droni hufanya kila sekunde.

Kwa sababu hiyo, chochote chenye kelele ya umeme kikikaribia antena kinaweza kuifunika sauti ya setilaiti, hata kama hakikutengenezwa kwa nia hiyo. Droni inahitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua nne ili ijue ilipo. Ili itulie vizuri angani inahitaji nyingi zaidi, ndiyo maana droni nyingi siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China. Ukiona idadi imefika kumi na kuendelea, kwa kawaida hali ni njema. Ikiganda kwenye tano au sita uwanjani pa wazi, kuna jambo.

Subiri robo saa kabla ya kulalamika

Droni nyingi hupewa hukumu kabla hazijasikilizwa. Iliyofungwa Guangzhou au Dubai na kufunguliwa Lilongwe haijui kwamba imevuka bahari. Kumbukumbu yake ya mwisho ya anga ni ya huko ilikotoka. Ratiba kamili ya setilaiti zote za GPS huchukua dakika 12 na nusu kuteremka kutoka angani. Mteja anayewasha mara ya kwanza chini ya baraza la duka, akangoja dakika mbili na kukata tamaa, hajapima kitu.

Itoe nje, iweke juu ya kiti cha plastiki au boksi la karatasi, mbali na ukuta. Washa, ngoja robo saa. Andika idadi ya setilaiti dakika ya pili, ya tano, ya kumi na ya kumi na tano. Vua panga zake kabla ya kipimo chochote cha chini, maana droni ikiwaka ghafla hukata vidole.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa haraka hawalipendi: droni kutulia hewani ndani ya duka si ushahidi kwamba GPS yake ni nzima. Chini ya tumbo ina kamera na vihisi vinavyosoma sakafu, na hivyo ndivyo vinavyoishikilia. Wapo pia wanaouza vidoli vilivyoandikwa GPS kwenye boksi wakati ndani hamna kitu. Dai uone idadi ya setilaiti ikipanda kwenye skrini, nje, chini ya mbingu.

Vifaa viwili, mahali pawili

Sasa tuje kwenye kipimo kinachoamua ugomvi. Chukua vifaa viwili: droni inayoshukiwa, na simu ya Android yenye programu ya kuonyesha setilaiti, kwa mfano GPSTest, inayopatikana bure. Usitegemee nukta ya buluu kwenye ramani, kwa sababu simu hukisia ilipo kwa kutumia minara na Wi-Fi. Weka simu katika hali ya ndege, uwashe GPS, utazame orodha ya setilaiti na namba ya nguvu ya kila moja. Nje pa wazi nyingi zinapaswa kuonyesha kati ya 35 na 50. Zote zikiwa chini ya 25 au 30, kuna kelele.

Kisha chagua mahali pawili: pale ambapo mteja anasema droni ilikataa, na uwanja wa wazi ulio mbali, kama vile kiwanja cha mpira au shamba lililovunwa. Pima droni na simu sehemu zote mbili, siku moja, na saa zisizopishana sana. Usiviweke vifaa hivyo pamoja. Acha hatua kadhaa katikati ili kimoja kisiharibu kingine.

Majibu yako manne.

Kwanza, droni imeshindwa sehemu zote mbili, simu imefanya vizuri kote. Tatizo liko kwenye droni au kitu kilichofungwa juu yake. Antena ya simu kwa kawaida ni duni kuliko ya droni, hivyo simu ikisikia na droni isisikie, ushahidi ni mzito.

Pili, droni na simu zote zimeshindwa pale penye lawama, na zote zimefanya vizuri uwanjani. Tatizo ni mahali. Muuzaji hana deni.

Tatu, droni imeshindwa penye lawama tu, simu ikafanya vizuri kote. Hapa droni ina udhaifu wake na mahali napo pana kelele kidogo. Viwili hivyo vimekutana. Endelea na uchunguzi wa droni kabla ya kumlaumu mtu.

Nne, vyote vimeshindwa kote. Ama kuna jambo kubwa linaloenea eneo zima, ama simu yenyewe haifai kwa kipimo. Badilisha simu, rudia siku nyingine na saa nyingine.

Tazama pia namna setilaiti zinavyopotea. Zikipungua za upande mmoja wa anga huku zilizobaki zikiwa na nguvu, kuna ukuta, mti au paa linaloziba. Zikiwapo nyingi lakini zote zimedhoofika kwa pamoja, hiyo ni kelele ya mawimbi. Mitaa iliyobanana yenye mabati mengi, kama ilivyo katika miji yetu, huleta tatizo jingine: mawimbi hugonga bati na kurudi kama mwangwi, droni ikadhani iko hatua kadhaa kutoka ilipo. Ukipanda juu ya mapaa mwangwi hupungua.

Kikulacho

Jibu likielekeza kwenye droni, usikimbilie kununua antena mpya. Vua kila kitu ambacho hakikutoka nacho kiwandani: taa za rangi za kurushia usiku, kamera ya ziada, kifaa cha kufuatilia droni chenye laini ya simu, kinasa sauti, na stika za kung'aa. Pima tena. Kisha rudisha kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja hesabu setilaiti kwa dakika tano. Pale idadi inapoanguka, umemkamata.

Usirudishe viwili kwa pamoja. Ukifanya hivyo, utakuwa umejua kwamba mmoja kati yao ni mwizi bila kujua ni yupi.

Washukiwa wakuu wanafahamika. Taa za bei nafuu zina kipunguza umeme ambacho hutoa kelele kubwa. Kamera ya ziada nayo hutoa kelele inapoanza kurekodi, hasa kama waya wake wa picha umepita karibu na antena. Pima kamera ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, kisha ikirekodi. Kama setilaiti hushuka kila unapobonyeza kurekodi na kupanda ukiacha, huhitaji ushahidi mwingine. Kusogeza waya au kamera sentimita chache mbali na antena mara nyingi hutosha. Kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu hurusha mawimbi yake mwenyewe kila kinapotafuta mtandao. Kikibandikwa juu ya mgongo wa droni, kimekaa mlangoni kwa antena. Stika yenye madini, ile inayong'aa kama kioo, huiziba antena kabisa.

Madereva wa malori wanaijua habari hii kwa sura nyingine. Chaja hafifu ya kwenye gari, au kamera ya dashibodi yenye waya mbovu, hufanya ramani ya simu iyumbe njia nzima. Ukiichomoa, ramani inatulia. Droni ni gari dogo lenye matatizo yaleyale, isipokuwa yenyewe ikipotea huanguka.

Kwa droni iliyokwishatumika au iliyowahi kuanguka, uliza kama imefunguliwa. Ndani yake mara nyingi kuna karatasi nyembamba ya madini inayoikinga antena na kelele ya mitambo mingine. Fundi asiyejua huiona kama takataka na kuitupa. Waya wa antena nao huweza kurudishwa ukiwa haujaingia vizuri. Droni ya namna hiyo itaruka na kupiga picha safi, lakini itakuwa na masikio mazito maisha yake yote.

Dira ina kesi yake

Lawama nyingi zinazopelekwa kwa GPS ni za dira. GPS huiambia droni iko wapi. Dira huiambia imeelekea wapi. Ikiwa setilaiti ni nyingi na zenye nguvu, lakini droni ikipanda inaanza kuzunguka kwa mduara unaozidi kupanuka, kama maji yanayoingia kwenye shimo la sinki, dira ndiyo imedanganywa. Inasahihisha mahali kwa kwenda upande usio wenyewe.

Dira huharibiwa na chuma na sumaku. Kurushia juu ya boneti la gari, juu ya zege lenye nondo, karibu na spika za muziki wa harusi au kishikio cha simu chenye sumaku ni kuitafutia ajali. Sogea hatua kumi hadi ishirini, weka droni juu ya udongo au nyasi, sawazisha dira kama programu yake inavyoelekeza, ujaribu tena. Usisawazishe dira ukiwa umesimama juu ya zege, kwani utaifundisha uongo ule ule.

Kuna na kesi ya droni inayokataa kuruka kabisa ingawa setilaiti zimejaa. Ukiwa Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kamuzu, baadhi ya droni zina ramani ya ndani inayozizuia kuruka karibu na viwanja vya ndege. Hapo droni iko sahihi na mrushaji ndiye mwenye makosa.

Jirani mwenye kelele

Jibu likielekeza kwenye mahali, mtafute jirani. Mwaka 2001 wavuvi na mabaharia wa bandari ndogo ya Moss Landing, California, walikuta GPS zao hazifanyi kazi ndani ya bandari. Ilichukua miezi kuwapata wahusika. Hawakuwa wanajeshi wala majasusi. Zilikuwa antena za kawaida za televisheni zenye vikuza mawimbi vyenye hitilafu, baadhi zikiwa kwenye boti zilizofungwa hapohapo. Mwenye antena hakuwa na habari kwamba kifaa chake cha kutazamia mpira kimeifunga bandari nzima.

Kumtafuta jirani wa namna hiyo huhitaji mwili wako tu. Shika simu karibu na kifua, skrini ikikutazama, programu ya setilaiti ikiwa wazi. Geuka taratibu, ukisimama kidogo kila upande. Mwili wa binadamu una maji mengi na huzuia mawimbi haya. Upande utakaokuta namba zimepanda, mwili wako umekuwa kinga, yaani kelele inatoka nyuma ya mgongo wako. Tia alama, sogea hatua hamsini pembeni, rudia. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo pa kuanza kuuliza kwa adabu: hodi, shikamoo mama, naomba tuzime antena hii dakika mbili tuone.

Andika pia saa. Kelele inayokuja usiku tu huenda ni ya taa za duka au jenereta. Ya dakika tatu kisha ikaisha huenda ni ya gari lililopita. Inayokaa siku nzima, na kila siku, ina makazi ya kudumu.

Wanaozima kwa makusudi

Wapo wanaozima kusudi, na wafanyabiashara wa mipakani wanapaswa kuwajua, kwa sababu kifaa cha kuzima GPS huuzwa kwa siri kwa madereva wanaotaka kujificha kwa matajiri wao. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilimpiga dereva mmoja faini ya karibu dola 32,000. Kifaa alichochomeka ndani ya gari la kazi ili bosi wake asimwone kilikuwa kikivuruga mtambo wa kusaidia ndege kutua katika uwanja wa Newark kila alipopita. Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2017 zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki zinazotegemea GPS. Dereva anayeizima lakiri anamwingiza mwenye mzigo kwenye shuku ya magendo, hata kama mzigo ni halali.

Vita huzidisha tatizo. Mwishoni mwa 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo waliripoti uvurugaji wa GPS katika Kivu Kaskazini, jambo lililohatarisha safari za ndege. Juni 2025, wakati Israeli na Iran zikipigana, mamia ya meli karibu na mlango wa Hormuz, njia ya mizigo inayotoka Jebel Ali, zilionekana kwenye ramani mahali zisipokuwa, na tarehe 17 mwezi huo meli mbili za mafuta ziligongana eneo hilo.

Uvurugaji huu una dalili mbili. Ukizimwa, setilaiti zote hudhoofika kwa wakati mmoja kwenye kila kifaa. Ukidanganywa kwa mawimbi bandia, hali ni hatari zaidi: namba zinaonekana nzuri, lakini ramani inasema uko kwenye uwanja wa ndege wakati umesimama sokoni. Ukiona dalili hizi katika eneo lenye askari au mapigano, usichunguze zaidi. Fungasha droni, ondoka. Mtu anayezungukazunguka na kifaa akitafuta chanzo cha mawimbi mahali kama hapo anaweza kuonekana jasusi, na maisha hayarudishwi kwa risiti.

Jua nalo lina siku zake

Mara chache mhalifu yuko mbali kuliko wote. Dhoruba kubwa ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 iliwasimamisha wakulima wa Marekani wanaoendesha matrekta kwa GPS. Katika nchi za karibu na Ikweta, tabaka la juu la hewa huchafuka zaidi baada ya magharibi, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Mpiga picha anayesubiri jua lizame apate rangi nzuri ya harusi anaweza kuona idadi ya setilaiti ikiyumba saa hizo. Akipima kesho asubuhi, droni ni nzima. Ndiyo sababu kipimo cha siku moja hakitoshi kumhukumu mtu.

Ikipotea ikiwa angani

Droni ikipoteza GPS juu ya watu, inaacha kujishikilia na kuanza kuchukuliwa na upepo. Usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani. Bila GPS haijui nyumbani ni wapi, na ikiwa imedanganywa itakwenda kwingine. Tuliza vidole, iangalie kwa macho badala ya skrini, pinga upepo kwa vijiti, ishushe taratibu pembeni mwa watu. Ikifika chini kidogo, vihisi vya tumboni vinaweza kuidaka tena kama kuna mwanga.

Na kabla ya kuruka, hakikisha imeandika mahali pa kurudi baada ya setilaiti kutulia. Anayerusha kwa haraka, zikiwa nne au tano, anaiachia droni kumbukumbu mbovu ya nyumbani.

Iandikwe

Mali bila daftari huisha bila habari, na droni ni mali. Muuzaji wa Biwi anaweza kujiepusha na nusu ya ugomvi kwa karatasi moja inayokwenda na risiti: namba ya droni, tarehe, uwanja ilipopimwa, idadi ya setilaiti baada ya robo saa, na sahihi za wote wawili. Chini yake yaandikwe makubaliano: ikirudi, tutaipima pamoja, kwa vifaa viwili na mahali pawili, bila vifaa vya ziada, ikishindwa kote, gharama ni ya duka, ikishindwa kwa mteja tu, duka litasaidia kutafuta chanzo lakini halirudishi fedha. Mteja wa Dzaleka ambaye nauli ya kuja Lilongwe ni mzigo kwake anaweza kupima kwanza kambini na kutuma picha za skrini. Hapo safari itafanywa na mwenye sababu.

Karatasi nyingine ni ruhusa. Nchi nyingi za ukanda wetu zinataka droni isajiliwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na baadhi zinataka kibali kabla haijaingia nchini. Ulizia upande wa pili wa mpaka kabla ya kulipa, kwa sababu droni iliyoshikwa forodhani haipimwi setilaiti. Na kambini kuna watu waliokimbia wanaowatafuta. Kamera ya angani isiruke juu yao bila ruhusa ya uongozi na bila wao kujua.

Mteja akirudi na boksi, basi, muuzaji asianze na mnara wa simu, wala mteja asianze na "umeniuzia kimeo". Watoke nje wote wawili, wavue taa na stika, waweke simu na droni juu ya viti viwili chini ya anga, wangoje robo saa. Baada ya hapo kila mmoja atakuwa na namba mkononi, na namba haina undugu na yeyote.